Hela Iliyohamia Zizini

Siku niliyokabidhiwa mfuko wa hela sikula. Chakula kilikuwepo. Matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, yalikuwepo, maziwa ya mgando yalikuwepo, lakini tumbo lilikuwa limefunga mlango kama ofisi ya kijiji siku ya mnada. Mfuko wenyewe ulikuwa wa turubai, wa kijani, nadhani uliwahi kuwa wa askari kabla haujapotea njia ukaishia kwetu Sapiwi. Ndani yake kulikuwa na noti nyingi kuliko nilizowahi kuota. Nikapewa, nikaambiwa, "Hii ndiyo roho yako. Ikipotea, na wewe umepotea."

Aliyeniambia hivyo ni mdogo wake babu yangu mzaa mama. Kwa hiyo naye ni babu yangu, kwa Kisukuma guku. Na kwetu guku na mjukuu ni watani. Naweza kumwita mkewe mke wangu, naye akaniambia nikaoge kwanza. Naweza kukaa kwenye kiti chake nikamwambia asubiri afe ndipo arudishiwe. Hakuna wa kukasirika. Anayekasirika ndiye ameshindwa, na wote waliopo watamcheka mpaka jua lizame.

Lakini siku ile ya mfuko alininyooshea fimbo. "Hapa bandani mimi siyo guku. Hapa ni bosi. Utani uache kwa mama yako."

"Sawa, bosi," nikasema. Nilidhani anatania.

Ilikuwa ile miaka serikali imeruhusu watu binafsi kununua pamba. Kabla ya hapo pamba yote ilikwenda chama cha msingi, unapewa karatasi, unasubiri hela mpaka mtoto wa tumboni anaota meno. Halafu ghafla kila mwenye mizani na banda la bati akawa mnunuzi, na wote wanalipa hela mkononi. Guku alikuwa na banda, mizani na jina zuri. Mtaji hakuwa nao. Mtaji aliupata kwa mwenye jineri mmoja wa mjini, kile kiwanda kinachotenganisha pamba na mbegu. Yule tajiri anatoa hela mbele, sisi tunanunua pamba, lori lake linakuja kubeba, na mwisho wa msimu pamba tuliyompa pamoja na hela iliyobaki vinatakiwa vilingane na hela aliyotoa. Guku anapata kamisheni yake. Mimi napata mshahara wangu. Ukiusikia mpango huo umekaa kwenye kivuli, unaona hauna kona hata moja.

Mimi nilikuwa karani. Nilimaliza darasa la saba na akili nyingi na cheti kimoja, na guku alisema akili zangu zinapotea bure kwa kuchekesha watu kisimani. Akaninunulia kaunta buku na kalamu mbili. Mkulima anakuja na magunia yake, mpimaji anapima, mimi naandika jina, kilo na hela, anaweka sahihi au dole gumba, nahesabu noti, anaondoka. Kabla ya kupima nazamisha mkono kwenye gunia mpaka begani, maana wengine walikuwa wanaimwagia pamba maji ili izidi uzito. Kuna mzee mmoja nilikuta jiwe kwenye pamba yake. Nikamuuliza kama na hilo limekomaa. Akasema limekua humo humo, ardhi yake ina rutuba.

Kucheka nilicheka, lakini mfuko haukuniacha. Nikienda chooni naenda nao. Mfuko ule uliona mambo. Mtu akisimama nyuma yangu naukumbatia kama mama mwenye mtoto mgonjwa. Niliamini hatari ni mwizi tu. Niliamini pia kwamba hesabu ni kuandika uliyemlipa, basi. Hakuna aliyenifundisha zaidi ya hapo, na mimi sikuuliza. Mwenye akili nyingi huwa haulizi.

Sasa, kila siku ya mnada guku alikuwa anapitia bandani asubuhi, kanzu safi, fimbo kwapani. Anasimama mlangoni.

"Karani, nipe kidogo hapo."

Mara ya kwanza nilishika kalamu. "Bosi, niandike?"

Alinitazama kama nimemwomba avue kanzu. "Unamwandika mwenye mali? Kwani mimi nimeiba?"

Sikuandika. Nikahesabu noti nikampa. Jioni akapita kijana wake anaswaga ndama jike mwekundu mwenye nyota nyeupe usoni, na guku nyuma yake anatembea kama bwana harusi. Mnada uliofuata akapita dume wa kijivu. Kisha yule mweusi mwenye tumbo jeupe, kisha wengine. Guku akifika bandani ananiuliza, "Umemuona yule wa madoa? Umeona pembe?" Namwambia nimeziona, bosi, zimekaa vizuri kuliko za mwenye ng'ombe. Hapo anasahau ubosi kidogo, anacheka.

Msimu ukaelekea mwisho. Dereva wa lori akaja na taarifa: mhasibu wa jineri atakuja wiki ile, anapita kila kituo kukagua vitabu. Guku akaniambia, "Jumlisha kila kitu. Asikute nyasi kwenye hesabu."

Nikakaa na kaunta buku. Nikajumlisha pamba yote tuliyonunua. Nikahesabu noti zilizobaki mfukoni. Nikaweka pamoja, nikalinganisha na hela tuliyopewa. Haikufika. Nikasema nimekosea, nikarudia. Haikufika tena, na safari hii ilipungua zaidi. Nikamwaga mfuko wote juu ya magunia, nikaupindua nje ndani, nikachana mpaka mshono wa chini. Kilichotoka ni njugumawe moja.

Utashangaa sikukumbuka zile hela za mnada. Nilikumbuka. Ila kichwani mwangu zilikuwa za mwenye mali, na za mwenye mali hazipungui, zinatembea naye. Nikizifikiria nahisi kama namshika guku mfukoni. Nikaziacha, nikaendelea kutafuta hela nyingine, iliyopotea kweli, ambayo haikuwepo.

Unatakiwa ujue niliogopa nini hasa. Nilipokuwa mdogo, karani wa chama cha msingi wa kijiji cha jirani alikutwa na upungufu. Yeye walimchukua na gari. Ng'ombe wa baba yake waliwachukua kwa miguu, na walipita mbele ya shule yetu tukiwa mstarini. Yule mzee alikuwa anawafuata nyuma anawaita mmoja mmoja kwa rangi zake, na wale ng'ombe wanageuza shingo. Baba yangu zizi lake ni dogo, na kati ya hao waliomo kuna mmoja wa mama.

Nilipomwambia guku, hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Imepungua kiasi gani?"

Nikamwonyesha pale nilipoandika. Akalishika daftari juu chini, hajui kusoma, lakini akalitazama muda mrefu. "Hela iko wapi?"

"Guku, mimi—"

"Bosi."

"Bosi, sijui."

"Mfuko ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Basi unajua."

Alasiri hiyo hiyo alikwenda kwa baba. Nilikuwa nyuma ya nyumba, nikasikia maamkizi marefu, mwadila, habari za mvua, habari za mifugo, habari za mama mkwe. Halafu sauti zikashuka. Guku akasema hataki kunifunga, mimi ni damu, lakini hela ni ya tajiri, na tajiri haijui damu. Isipoonekana siku ya mhasibu, ataita mgambo, na baba atafungua zizi.

Alipoondoka baba akaniita. Alikuwa anasokota kamba ya katani na hakuiacha.

"Umekula?"

Hakuwa anauliza chakula. Nikasema sijala. Akaendelea kusokota. "Mimi nakuamini," akasema, "lakini wewe unacheka sana. Mtu anayecheka sana, siku akilia watu wanasubiri aendelee."

Mhasibu alikuja asubuhi, na alikuwa mama. Sijui kwa nini nilitegemea mwanaume mwenye tai na kitambi. Alishuka kwenye lori na mkoba, chupa ya chai na kikokotoo, akaamkia kila mtu, akaomba meza. Hatukuwa na meza. Akakalia gunia, akaweka kaunta buku juu ya mizani. Baba alikuwa amekaa kwenye kigogo pembeni. Guku kwenye kiti chake. Bibi, mke wa guku, alikuwa anapika uji upande wa pili wa banda. Na kwenye mlango, mgambo wa kijiji, na baiskeli yake, na kamba imefungwa nyuma ya baiskeli. Ile kamba nilijua kazi yake siku zote ni kufungia kuni. Siku ile niliiona inanitazama.

Yule mama alisoma ukurasa mmoja mmoja. Akifika chini anaweka tiki ndogo. Kila tiki moyo wangu unakaa, akifungua ukurasa unasimama tena. Mwisho akafunga daftari, akahesabu noti za mfukoni mwenyewe, akapiga kikokotoo.

"Mwandiko wako mzuri," akaniambia. "Umemwandika kila uliyemlipa. Lakini hela zimepungua, na ni nyingi. Mzee," akamgeukia guku, "wewe kuna hela uliyotumia hapa? Ya nyumbani, ya ada, ya hospitali?"

Guku akasimama kabisa. "Mimi? Hata senti. Hata soda sijanywa kwa hela hii. Mke wangu yule pale, muulizeni. Naapa kwa kaburi la baba yangu aliyelala nyuma ya zizi."

Na hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote. Nilimtazama usoni nikaona hasemi uongo. Guku alikuwa anaamini kila neno.

Mama mhasibu akanigeukia. "Na wewe, kijana? Una la kusema?"

Baba akaacha kutazama chini. Mgambo akahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Niseme nini? Niseme mzee ameapa uongo kwenye kaburi la baba yake, ambaye ni damu yangu pia? Mbele ya baba, mbele ya mgeni, mbele ya bibi? Maneno hayo mtu akishayasema hana pa kurudi kulala. Nisiposema, zizi la baba.

Ng'ombe wa guku walikuwa wanapita kwenda lamboni kunywa maji. Hupita pale kila siku saa hizo. Wakaanza kupita mbele ya mlango, vumbi linaingia bandani, mgambo anavuta baiskeli pembeni. Na katikati yao nikamuona ndama mwekundu mwenye nyota usoni, sasa amekua, amenona, anatembea kama mwenye nyumba.

Sikupanga. Uoga ukizidi mimi mdomo unajiendea.

"Guku," nikasema. Siyo bosi. Guku. Na nikasema kwa Kisukuma cha nyumbani, kile cha utani. "Guku, yule mwekundu mwenye nyota nipe. Ndiyo mahari yangu ya kumuoa bibi. Maana yule nimemnunua mimi."

Bibi akageuka na mwiko mkononi. "Ee, mume wangu," akasema, "kumbe ulishanitolea na ng'ombe? Mbona hukuniambia nikajipaka mafuta?" Akacheka. Mpimaji naye akacheka. Hata mgambo alifunika mdomo.

Guku alinitazama. Niliona ubosi unampanda usoni, na niliona pia anajua kwamba akikasirika ameshindwa mbele ya mkewe. Mtani hujibiwa kwa utani, hiyo ni sheria kubwa kuliko ya serikali. Halafu akanijibu, kwa sauti ya kunidharau:

"Wewe na umaskini huo umnunue nani? Wewe ulihesabu tu noti kwenye mfuko ukanipa. Aliyenunua ni mimi."

Kalamu ya mama mhasibu ikasimama. Alikuwa Msukuma, kumbe. Kila neno alikuwa amelisikia.

"Mfuko upi, mzee?" akauliza taratibu. "Huu?"

"Huo. Kwani kuna mwingine?"

"Na nilipouliza kama umetumia hela?"

"Sijatumia," guku akasema, na alikuwa ameudhika kweli. "Nimenunua ng'ombe. Kutumia ni kula, ni kunywa pombe. Ng'ombe si huyo hapo anapita? Umeona ameliwa? Hela imehamia zizini, inakula majani, inazaa. Ingekaa kwenye mfuko ingezaa?"

Yule mama hakucheka. Akamwaga chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa guku kwa mikono miwili, kama anavyopewa mzee. "Nakuelewa. Baba yangu angejibu hivyo hivyo," akasema. "Lakini biashara hii, mzee, ichukulie ni mtu mwingine, siyo wewe. Hela ya pamba ni ya kwake. Ukichukua kwake, hata kama ni kwa jambo jema, yeye amepungukiwa na wewe umeongezeka. Hesabu haijali ni wizi au siyo wizi. Inauliza imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani."

"Mtu huyo ana baba?"

"Hana. Ndiyo maana anahitaji karani wa kumsemea."

Guku akanywa chai. Nilimuona macho yake yamekwenda kwa baba, kisha kwenye kamba ya mgambo, kisha yakarudi kwenye chai. Sijui aliona nini. Nikatambua kwamba sasa kwenye banda lile anayeogopa siyo mimi peke yangu. Kama hela ya mfuko iko zizini, basi zizi linadaiwa.

Mama akauliza ni ng'ombe wangapi. Guku akakataa katakata. Ng'ombe hawatajwi idadi, ukiwataja unawaita mauti. Yule mama hakubishana. Akanipa kalamu. "Basi waandike kwa rangi." Nikaandika: mwekundu wa nyota, dume wa kijivu, mweusi wa tumbo jeupe, wa madoa, nikaendelea hivyo mpaka wakaisha. Guku akataja bei ya kila mmoja bila kusita, na jina la aliyemuuzia, na alivyobishana naye. Hajui kusoma, lakini bei hasahau. Mama akapiga kikokotoo. Upungufu karibu wote ukapata pa kukaa.

Karibu. Kulikuwa na kipande kidogo kilichobaki.

"Hiki ni chako," akaniambia. Akanionyesha nilipokosea kujumlisha, mahali pengi, na mkulima mmoja niliyemlipa mara mbili. Kingekatwa kwenye mshahara wangu. Nikasema wabeja, wabeja sana. Nadhani ni mimi pekee Bariadi nzima niliyewahi kushukuru kukatwa mshahara. Nikataka kufuta ukurasa nirekebishe, akanishika mkono. "Kwenye hesabu hatufuti. Unakata kwa mstari mmoja, ili anayekuja baadaye aone ulichokosea. Ukifuta, nitajiuliza umeficha nini."

Mgambo aliondoka na bakuli la uji tumboni. Baba alisimama, akanipiga begani mara moja, akaenda zake. Hatembei haraka siku zote, lakini siku ile alitembea haraka. Alikuwa anakwenda kuwaona ng'ombe wake.

Guku hakusema na mimi mpaka siku ya mnada. Asubuhi kijana wake akaja: unaitwa, njoo na mfuko, njoo na daftari. Nilikwenda na vyote viwili. Nilimkuta mnadani ameshika kamba ya yule mwekundu wa nyota, na wale wengine wamesimama nyuma. Tajiri alikuwa amempa muda mpaka siku ile kurudisha hela. Akanipa kamba nishike, akaenda kubishana bei na wanunuzi. Yule ng'ombe alikuwa ananilamba mkono uliojaa wino, na mimi sikuweza kumtazama machoni.

Bei hazikuwa mbaya. Wengine waliuzwa kwa faida, na hilo guku alihakikisha nimelisikia. Mwekundu aliuzwa mwisho. Alipopelekwa, guku alitazama upande mwingine, kwenye vibanda vya nyama choma ambavyo hata havikuwa vimewasha moto. Kisha akaja, akaniwekea noti mkononi.

"Weka kwenye mfuko. Andika."

Nikaandika rangi, nikaandika kiasi. Herufi zikakaa kama kuku wamepita.

"Umeandika nani amerudisha?"

"Bosi."

Akapangusa vumbi kwenye fimbo, vumbi ambalo halikuwepo.

"Andika guku."

Nilitaka kufuta, nikakumbuka. Nikakata kwa mstari mmoja, neno bosi likabaki linasomeka, na juu yake nikaandika guku.